RX-8 iliyogoma kuwaka Nyegezi baada ya betri kwisha chaji

Gari la michezo likigoma kuwaka baada ya betri kwisha chaji, macho ya kila mtu huganda kwenye betri. Linabustiwa kwa umeme wa betri ya gari jingine, likigoma inanunuliwa betri mpya, na likigoma tena fundi huanza kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka mwenye gari aishiwe fedha. Kwa injini ya pistoni njia hiyo ni ya hasara, lakini mara nyingi mwisho wake gari huwaka. Kwa Mazda RX-8, ambayo ndiyo ninayoiendesha hapa Mwanza, njia hiyo hiyo hulizalia gari tatizo la pili lisilo la umeme kabisa, na tatizo hilo hubaki ndani ya injini hata baada ya betri kujaa. Mafundi wengi wa huku kwetu hawajapata nafasi ya kuifungua injini yake, kwa hiyo naona ni vyema nieleze jinsi nilivyoufuatilia ugonjwa wa gari langu, nilichokipima, na kwa nini naamini kwamba swali la kwanza kwa RX-8 iliyogoma ni stata inazungusha injini kwa kasi gani, kabla hata ya kuuliza umri wa betri.

RX-8 ilitengenezwa Hiroshima, Japani, kuanzia mwaka 2003 hadi 2012, na ndani yake mna injini ya rota iitwayo Renesis. Injini hiyo haina pistoni wala valvu. Ina rota mbili zenye umbo la pembetatu iliyotuna pande zote, kila moja ikizunguka ndani ya chumba chake, na ujazo wa zote mbili kwa pamoja ni sentimita za ujazo 1,308 tu. Wazo la asili lilikuwa la Mjerumani Felix Wankel, lakini Mazda ndio waliolishikilia wakati wengine wamekata tamaa: walianza kuuza gari lao la kwanza la rota, Cosmo Sport, mwaka 1967, na mwaka 1991 gari lao la mashindano 787B, lenye rota nne, lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa. Ninaipenda injini hii na sioni haja ya kuficha. Yangu hupanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika bila mtikisiko wa kusumbua, na yeyote anayeendesha barabara ya Kenyatta kutoka Nyegezi kuja mjini alfajiri, kabla daladala hazijaijaza, atanielewa.

Udhaifu wake huonekana wakati wa kuwasha. Kwenye ncha na ubavuni mwa kila rota kuna sili nyembamba zinazozuia hewa isivuje kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na sili hizo hufunga vizuri zikiwa na utando wa oili. Petroli ikiingia kwa wingi bila kuungua, huuosha utando huo. Sili zikikosa oili, kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya injini, hushuka. Kompresheni ikishuka, mchanganyiko wa hewa na petroli haushiki moto hata kama plagi inatoa cheche safi. Na kila unapopiga stata tena, nozeli huongeza petroli nyingine, ukazidi kuuosha utando ule ule unaouhitaji. Mafundi husema injini imelowa, na hawakosei.

Jambo la pili ni kasi. Kompresheni ya rota hutegemea mno kasi ya mzunguko, kiasi kwamba kipimo chake huwekwa kwenye mizunguko 250 kwa dakika, na namba iliyosomwa chini ya kasi hiyo haina budi kusahihishwa kabla ya kuihukumu injini. Stata ikizunguka polepole kwa kukosa umeme wa kutosha, injini nzima huonekana mbovu. Matoleo ya mwanzo ya RX-8 yalikuja na stata dhaifu, ambayo baadaye Mazda waliiboresha. Nasi wa Mwanza tuna la ziada: uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam. Hewa inayoingia kwenye rota ni kidogo zaidi, kwa hiyo ulegevu wa stata tunauhisi mapema kuliko mtu wa pwani.

Gari langu ni la mwaka 2004, lenye gia sita za mkono, na lilikuwa limeegeshwa nyumbani Nyegezi wakati nilipokuwa Bukoba kwa shughuli za familia zilizorefuka kuliko nilivyotarajia. Siku moja lori la mchanga lilihitaji kupita, mpwa wangu akaliwasha gari, akalisogeza mita chache, akalizima papo hapo. Kwa gari jingine lolote pale uani lisingekuwa jambo la kusimulia. Kwa injini ya rota iliyo baridi, ambayo wakati huo kompyuta yake inaimiminia petroli nyingi ili ipate joto, kuizima baada ya sekunde chache ni kuiacha na petroli mbichi ndani. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Alipotaka kulirudisha chini ya mwembe siku nyingine, betri ilikuwa imeshashuka. Alijaribu hadi stata ikabaki kugonga tu, akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Linalia tik tik tu, haliwaki." Nilimwomba aache ufunguo kabisa mpaka nirudi, naye akauacha, na nashukuru, kwa sababu kila jaribio zaidi lingekuwa petroli zaidi juu ya sili.

Niliporudi kwa meli, kitu cha kwanza nilichoshika kilikuwa multimita, yaani mita ya kupimia umeme. Kwenye RX-8 betri imefichwa ndani ya kasha la plastiki, na watu wengi hubana vibanio vya kubustia juu juu bila kulifungua vizuri. Nililifungua, nikaweka ncha za mita kwenye vichwa vyenyewe vya betri, si kwenye vibanio vya waya, ikasoma volti 10.9. Betri ya risasi na tindikali iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hadi 12.7, ikiwa nusu husoma kama 12.2, ikifika 12.0 imebakiza robo hivi, na chini ya hapo inaumia, kwa sababu salfeti hujijenga juu ya bati zake na kadiri inavyokaa tupu ndivyo inavyogoma kupokea chaji. Volti 10.9 haikuwa na nguvu ya kuzungusha chochote, lakini haikunieleza bado kama betri imekufa au imekwisha chaji tu. Hizo ni hali mbili tofauti, na dukani huuzwa kwa jibu moja.

Jirani yangu alikuja na Noah yake tukabusti. Sina mengi ya kusema kuhusu kubusti isipokuwa mambo mawili ambayo nimeona yakipuuzwa mno mtaani. La kwanza ni mpangilio: chanya ya betri iliyokufa kwanza, halafu chanya ya betri nzima, halafu hasi ya betri nzima, na kibanio cha mwisho hakibanwi kwenye hasi ya betri iliyokufa bali kwenye chuma kitupu cha injini mbali kidogo na betri, kwa sababu muunganisho wa mwisho ndio unaotoa cheche na betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Ukigeuza chanya na hasi, bahati njema ni kuunguza fyuzi kuu, na bahati mbaya ni kuunguza kompyuta ya gari. La pili ni unene wa waya. Nyaya nyingi zinazouzwa zina ganda nene na shaba kidogo ndani; ukizishika baada ya kupiga stata utazikuta zina joto, na joto hilo ndilo umeme uliopaswa kufika kwenye stata. Zile za jirani zilikuwa za aina hiyo. Noah ilinguruma dakika kadhaa kuijazia betri yangu, nikakanyaga klachi, nikageuza ufunguo, na stata ikazungusha injini kwa kukokota. Niliuachia ufunguo mara moja. Jirani alishangaa, akasema, "Ongeza kidogo kaka, lilikuwa linakaribia." Nikamweleza kwamba kwa injini hii kukokota si kukaribia.

Vijana waliokuwa pale wakatoa pendekezo ambalo mji wetu wenye vilima na mawe hulitoa bila kuombwa, yaani kulisukuma gari kwenye mteremko. Nililikataa, na ningependa kila mwenye RX-8 alikatae pia injini inapokuwa imelowa. Petroli isiyoungua huenda moja kwa moja kwenye ekzosi, inajaa ndani ya masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi kilichomo humo, na siku injini itakapowaka masega hayo yatapata joto la kupita kiasi hadi kuyeyuka na kuziba. Ekzosi iliyoziba huipandisha joto injini ya rota, na joto ndilo linalozimaliza sili. Kwa hiyo kusukuma kunaweza kuliwasha gari leo na kuiua injini taratibu kwa miezi inayofuata.

Betri niliitoa, nikaipeleka ndani, nikaichaji usiku kucha kwa chaja ndogo ya ampea tano, ambayo ni takriban sehemu ya kumi ya ujazo wake. Chaji ya polepole huiponya betri iliyoshuka kuliko chaja kubwa za gereji zinazoichemsha kwa nusu saa. Asubuhi niliiacha itulie saa kadhaa kabla ya kuipima, maana betri iliyotoka kuchajiwa husoma juu kuliko hali yake halisi. Ilisoma volti 12.7 na ikabaki hapo hadi jioni. Fundi mmoja aliyepita kunisalimu alikuwa ameshasema, "Hii imeshakwisha kaka, tafuta nyingine," na simlaumu, kwa kuwa katika kazi yake mara nyingi huwa kweli. Lakini betri iliyokufa haishikilii 12.7 mchana kutwa.

Kabla ya kupiga stata niliangalia mambo mengine haraka. Taa ya usalama ya ufunguo kwenye dashibodi iliwaka kisha ikazimika yenyewe, dalili kwamba gari limeutambua ufunguo. Kama ingeendelea kumetameta, tatizo lingekuwa la upande huo na hakuna betri ambayo ingelitatua. Alamu iliyofungwa baada ya gari kuingia nchini niliifungua kwa rimoti yake, kwa sababu alamu za aina hiyo, umeme ukikatika na kurudi, hujifunga zenyewe na kukata stata au pampu ya mafuta. Fyuzi zilikuwa nzima. Pampu ilisikika ikivuma nyuma.

Nikapiga stata. Betri imejaa, na bado ilikokota.

Hapa ndipo penye kiini cha yote, na naomba msomaji anivumilie kwa kirefu. Nilimwita mpwa wangu akae kwenye usukani, nikamwelekeza akanyage klachi na kubonyeza eksileta hadi chini kabisa, kwa sababu RX-8 ikiona eksileta imekanyagwa mpaka mwisho wakati wa kupiga stata hufunga nozeli zisitoe petroli. Kwa njia hiyo unaweza kupima bila kuendelea kuilowesha injini. Mimi nilishika mita. Kipimo cha kwanza kilikuwa kwenye vichwa vya betri wakati stata ikizunguka: volti 10.6. Hapo mtu angefurahi, kwa kuwa kinachotakiwa ni isishuke chini ya 9.6. Lakini stata inakokota huku betri ikibaki na volti nyingi hivyo? Stata yenye afya huivuta betri chini kwa nguvu. Betri isiposhuka wakati stata inateseka, maana yake umeme haufiki, umekwama njiani.

Kipimo cha pili ndicho kinachotafuta pale ulipokwama. Ncha moja ya mita niliiweka kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Kwa akili ya kawaida sehemu hizo mbili ni kitu kimoja, zimeunganishwa kwa waya mnene, na mita ingepaswa kusoma karibu na sifuri. Gari likiwa limetulia ilisoma sifuri kweli. Mpwa wangu alipopiga stata, ikaruka hadi volti 1.8. Volti hizo zilikuwa zinapotea kwenye waya wa hasi na viungio vyake, hivyo stata ilikuwa haipati zaidi ya volti 8.8 kati ya zile 10.6. Kinachokubalika kwenye njia hiyo ni nusu volti, na mimi hupenda iwe chini ya hapo. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye bolti ya stata, ulipoteza volti 0.3, nikauacha.

Nilipoifungua nati inayoshikilia waya wa hasi kwenye bodi, jicho halikuona ubaya kwa nje. Nati ilikuwa imekaza na waya umenyooka. Chini ya kikombe cha waya, pale chuma kinapogusana na chuma, kulikuwa na unga mweupe unaoelekea kijani, na katikati yake doa dogo tu linalong'aa, lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho, ambalo ndilo pekee lililokuwa likipitisha umeme wote wa stata. Taa, redio na madirisha hutumia ampea chache na doa hilo liliwatosha bila shida, ndiyo maana gari lilionekana kuwa na umeme mzuri. Stata hudai ampea zaidi ya mia moja kwa mkupuo. Wapo wanaosema kutu ya namna hii inaletwa na ziwa. Sidhani. Ziwa letu ni la maji baridi na hewa yake haina chumvi inayokula magari ya pwani. Unga ule hutokana na mvuke wa tindikali ya betri yenyewe, na gari lililotumika miaka mingi Japani kabla ya kuvuka bahari huwa limeshaanza kuulimbikiza. Nilisafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, nikasuuza, nikakausha, nikapiga brashi ya waya na msasa hadi chuma kikang'aa pande zote mbili, nikarudisha nati na kupaka grisi juu baada ya kukaza, si kabla. Nikapima tena: volti 0.2.

Stata sasa ilizunguka kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia tangu ninunue gari hili. Gari halikuwaka. Lakini mlio ulikuwa umebadilika, na mlio ndio uliosema kilichobaki. Rota zenye kompresheni hutoa mapigo yanayosikika, sawa na yenye mpangilio, kila uso wa rota ukibana hewa yake. Injini yangu ilikuwa inazunguka kama feni, laini, bila pigo hata moja. Anayesikia mlio huo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani injini imekufa, na najua kuna injini za rota ambazo zimeuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya mlio huo huo. Zilikuwa zimelowa.

Plagi za RX-8 ziko upande wa kushoto, chini, nne kwa jumla, mbili kwa kila rota, na njia rahisi ya kuzifikia ni kuinua gari kwa jeki, kulikalisha juu ya stendi imara, na kutoa tairi la mbele la kushoto. Za juu na za chini si za aina moja, wala nyaya zake hazibadilishani, kwa hiyo niliweka alama kwa utepe kabla ya kuchomoa. Zote nne zilitoka zikiwa nyeusi na zinadondosha petroli. Mafundi wetu wana desturi ya kuzichoma plagi kwenye moto au kuzisugua kwa brashi ya waya. Kwa hizi zenye ncha nyembamba ya iridiamu ni kuziharibu. Zikaushwe kwa upepo na kitambaa safi, au ziwekwe mpya kama zimechakaa. Nilichomoa soketi za koili zote ili pasiwe na cheche popote, nikahakikisha hakuna mwenye sigara wala jiko karibu, halafu mpwa wangu akapiga stata kwa sekunde chache huku amekanyaga eksileta hadi mwisho. Petroli ilitoka kwenye matundu ya plagi kwa ukungu uliotapakaa ukutani. Wakati wa kazi hii simama pembeni, kamwe usisimame mbele ya matundu, na usiifanye ndani ya chumba.

Tuliiacha stata ipumzike na ukungu upeperuke. Kisha nilidondosha oili safi ya injini kwenye kila rota, kiasi cha kijiko kidogo, kupitia tundu la plagi la chini, nikaizungusha injini kidogo ili oili isambae. Sili ziliupata tena utando wake, na mapigo yakarudi kwenye masikio yetu kabla hata plagi hazijarudishwa zote. Niliporudisha plagi, nyaya na soketi, nilikanyaga eksileta mpaka chini, nikapiga stata isiyozidi sekunde kumi, nikapumzisha, nikarudia, na injini ilipoanza kukohoa nikainua mguu taratibu. Liliwaka kwa moshi mweupe mzito uliofunika uwa mzima na kumtoa jirani ndani. Moshi huo ni oili uliyoiweka mwenyewe. Huisha baada ya dakika chache, na usiizime injini kwa hofu yake, maana ukiizima ingali baridi unairudisha pale pale.

Baada ya kuwaka, dashibodi ilibaki na taa za mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Hizo hazikuwa ugonjwa mpya. Betri ikitolewa, gari husahau ilipo katikati ya usukani. Injini ikiwa inanguruma, zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia, urudishe katikati, na taa zitazimika. Madirisha nayo hupoteza uwezo wa kupanda yenyewe, na hurudi ukiyapandisha hadi juu na kushikilia swichi sekunde kadhaa. Altaneta ilisoma volti 14.2 kwenye vichwa vya betri, ambazo ni nzuri.

Lilikuwa limebaki swali la kwa nini betri ilishuka. Niliweka mita katikati ya waya wa hasi na betri, kwenye kipimo cha ampea kumi, milango ikiwa imefungwa, nikasubiri kompyuta zote zilale. Wakati mita iko hapo usithubutu kugeuza ufunguo, utaiunguza. Gari lililolala linapaswa kunywa chini ya miliampea 50. Langu lilikuwa linakunywa 190. Kwa hesabu hiyo kwa siku hupotea takriban ampea-saa 4.6, na betri ya ampea-saa 50 haiwezi kumaliza wiki mbili. Nilichomoa fyuzi moja moja huku nikiiangalia mita, na ilipofika ya redio namba ikaporomoka. Mwenye gari wa awali alifunga amplifaya ya muziki, na waya wake wa kuiamsha uliunganishwa kwenye umeme wa kudumu badala ya ule unaokatika ufunguo unapotolewa. Niliuhamisha, na mita ikasoma 30.

Nikisafiri sasa nachomoa waya wa hasi. Mpwa wangu anajua kwamba RX-8 ikiwashwa haizimwi mpaka mshale wa joto uinuke kutoka chini hadi mahali pake pa kawaida, na kwamba lori la mchanga likija tena, gari liwekwe gia huru, ufunguo ugeuzwe kiasi cha kufungua usukani tu, na lisukumwe kwa mikono.